Jaji Mkuu Aliyetolewa Mahakamani kwa Mtutu wa Bunduki

Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tunaitazama Uganda, na katika Uganda tunamtazama mtu mmoja. Jina lake ni Benedicto Kiwanuka. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, na baadaye akawa raia wa kwanza wa Uganda kushika cheo cha Jaji Mkuu. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu huyo ofisini mwake kwa mtutu wa bunduki, wakampakia katika gari na kwenda naye. Hakuonekana tena. Mwili wake haukupatikana, na familia yake haikupewa kaburi la kulizuru.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha mwanasheria shupavu na mtawala dhalimu. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanamsahau mtu wa tatu, naye ni yule aliyeshika bunduki. Idi Amin hakwenda mwenyewe Mahakama Kuu asubuhi ile. Alikuwako mtu aliyepokea amri, mtu aliyeendesha gari, mtu aliyefungua lango la gereza na mtu aliyelifunga. Kwa ninyi mlio katika jeshi na polisi, hao ndio wanaostahili kutafakariwa, kwa kuwa yaliyowapata wao baadaye ni sehemu ya historia hii.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika eneo la Buddu, upande wa Masaka, katika ukoo wa watu wa kawaida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na jeshi la Mwingereza, akatumika nje ya nchi yake, akapanda hadi cheo cha Sajini Meja. Alijua maana ya gwaride, amri na adhabu ya kijeshi. Vita vilipokwisha alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu, na huko akaona jinsi neno la sheria linavyoweza kumwokoa au kumwangamiza mtu asiyejua hata lugha inayotumiwa kumhukumu. Akaenda kusoma Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, kisha London, na mwaka 1956 akafuzu uwakili. Huyu basi alikuwa mtu aliyevaa sare kabla hajavaa joho, na baadaye akarudi akiwa mkuu wa nyumba ile ile aliyoitumikia akiwa karani.

Aliporudi Uganda alifanya kazi ya uwakili na kuingia katika siasa. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party, kilichoanzishwa mwaka 1954 na kupata nguvu yake kubwa miongoni mwa Wakatoliki, ambao walijiona wamebaguliwa katika kugawiwa vyeo. Katika uchaguzi wa Machi 1961 chama chake kilipata viti vingi kuliko chama cha UPC cha Milton Obote, ingawa kura za UPC nchini kote zilikuwa nyingi zaidi. Sababu yake ni kwamba serikali ya Kabaka pale Mengo iliwataka Waganda wa Buganda wasusie uchaguzi. Wakasusia karibu wote, na wachache waliopiga kura wakakipa chama cha Kiwanuka karibu viti vyote vya sehemu hiyo. Kwa njia hiyo Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu.

Hakukaa sana. Mengo haikumsamehe yeye, Muganda asiye wa ukoo wa kitawala, kwa kukataa kuinamia matakwa yake. Chama cha Kabaka Yekka kikaungana na UPC, na katika uchaguzi wa Aprili 1962 Kiwanuka akashindwa. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Waziri Mkuu alikuwa Milton Obote. Wapo waliosema Kiwanuka alikuwa mgumu mno, asiyejua kubembeleza. Huenda ni kweli. Lakini aliposhindwa kwa kura aliondoka ofisini kwa miguu yake. Tangu siku hiyo hadi sisi tunapoandika haya, Uganda haijapata kushuhudia tena mtawala mkuu akikabidhi madaraka kwa mpinzani wake kwa sababu ya kura peke yake.

Hapa inatubidi tumwache Kiwanuka kidogo ili tuone jinsi bunduki ilivyozoeshwa kuipita sheria, maana jambo hilo halikuanza mwaka 1972. Mapema mwaka 1962, Luteni mmoja wa King's African Rifles aliyeitwa Idi Amin alipelekwa na kikosi chake katika nchi ya Waturkana, Kenya, kuzuia wizi wa mifugo. Baada ya operesheni hiyo kulitokea malalamiko kwamba watu waliteswa na kuuawa. Ilikuwa kesi ya mauaji. Lakini uhuru ulikuwa mlangoni, na maafisa Waafrika wa Uganda walikuwa wawili tu. Gavana wa Kiingereza alimtaka ushauri Waziri Mkuu Obote, na uamuzi ukawa kwamba Amin aonywe, asishtakiwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Turkana uliachwa wazi kwa sababu za siasa.

Januari 1964 majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yaliasi kwa mpigo, madai yakiwa mishahara na vyeo. Serikali ya Tanganyika ililivunja jeshi lake na kuanza upya. Serikali ya Uganda ilikubali madai ya askari, mishahara ikapandishwa, na Amin akapanda cheo. Somo walilolipata baadhi ya askari ni kwamba mwenye silaha akigonga meza hupewa. Februari 1966 Bunge la Uganda lilitaka Kanali Amin achunguzwe kwa habari ya dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Obote akajibu kwa kuwakamata mawaziri wake watano katika mkutano wa baraza. Mawaziri hao wakapeleka shauri lao hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, chombo tulichokuwa nacho sote wakati huo, na sheria iliyotumiwa kuwazuia ikatamkwa kuwa ni batili. Walifunguliwa, wakakamatwa tena. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi chini ya Amin likaishambulia ikulu ya Kabaka. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake na watetezi wake, lakini kila hatua iliwafundisha askari jambo lile lile, kwamba hukumu ya mahakama ni maneno tu, na mwenye nguvu anaweza kuyapita.

Kiwanuka, akiwa kiongozi wa upinzani, aliyasema haya na kuyaandika, na akalipa gharama yake. Mwaka 1969 alitiwa kizuizini, na Desemba mwaka huo, baada ya jaribio la kumwua Obote, vyama vyote vya upinzani vikapigwa marufuku. Alikuwa bado kizuizini Januari 25, 1971, Amin alipoipindua serikali. Siku chache baadaye Amin aliwafungua wafungwa wa siasa hadharani, Kiwanuka akiwa mmojawapo, na umati ukashangilia. Mwezi Juni mwaka huo akamteua kuwa Jaji Mkuu.

Je, alikosea kuukubali uteuzi huo? Swali hili limeulizwa mara nyingi nchini Uganda. Wapo wanaosema mwanasheria hawezi kupokea joho kutoka kwa aliyeirarua Katiba. Wapo wanaosema kama watu wenye msimamo wangekataa, viti vyote vingekaliwa na vibaraka. Tunaloweza kulisema kwa hakika ni kwamba hakuipokea kazi ile kama zawadi ya kurudishiwa fadhila. Mtawala alidhani amemnunua mtu, kumbe alikuwa amemteua jaji.

Dalili za hatari zilikwisha kuonekana. Julai 1971 Wamarekani wawili, mmoja mwandishi wa habari na mwingine mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, walitoweka walipokwenda Mbarara kuuliza habari za mauaji ya askari wa Kiacholi na Kilangi katika kambi ya kikosi cha Simba. Jaji David Jeffreys Jones aliteuliwa kuchunguza. Alipambana na ukaidi wa maafisa waliokataa kujibu maswali, na mwaka 1972 alilazimika kuikimbia Uganda kwanza, ndipo taarifa yake ikatolewa: watu hao wawili waliuawa na askari wa kikosi hicho. Jaji wa Mahakama Kuu aliweza kuusema ukweli juu ya kambi moja ya jeshi pale tu alipokuwa amekwisha vuka mpaka.

Tena, Machi 1971, serikali ya kijeshi ilikuwa imetoa amri ya kuwapa wanajeshi uwezo wa kuwakamata raia kwa makosa fulani na kwa muda fulani, kazi ambayo kwa desturi ni ya polisi. Mwaka 1972 ikatoka amri nyingine ya kuzuia mahakama zisisikilize madai dhidi ya serikali kwa mambo yaliyotendwa kwa jina la usalama. Vikaundwa au kupanuliwa vikosi vya namna yake: Idara ya Utafiti wa Taifa pale Nakasero, ambayo kwa jina ilikuwa ya utafiti na kwa kazi ilikuwa ya mateso, na Kitengo cha Usalama wa Umma pale Naguru, ambacho kilikuwa chini ya polisi. Askari polisi wa kawaida, aliyefundishwa kuandika jalada, kuchukua maelezo na kumfikisha mtuhumiwa kwa hakimu, akajikuta hana kazi. Watu walikuwa wakikamatwa bila jalada na kupotea bila kesi.

Ndipo mapema mwezi Septemba 1972 likafika mahakamani shauri la mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi. Mawakili wake waliomba ile amri ya kale ya mahakama inayomtaka mshikaji amlete aliyemshika mbele ya jaji. Yafaa tuieleze amri hii, kwa kuwa kila askari atakutana nayo. Amri hii haiulizi kama aliyeshikwa ni mwema au mwovu, raia au mgeni, rafiki wa serikali au adui yake. Haimwachii huru mhalifu. Inauliza swali moja tu: wewe uliyemshika mtu huyu, umemshika kwa sheria ipi? Mwenye jibu analitoa, na mtu anabaki mahabusu hadi kesi yake isikilizwe. Asiye na jibu anamwachia. Swali hilo huulizwa sawasawa kwa konstebo na kwa jenerali.

Jaji Mkuu alilisikiliza shauri hilo mwenyewe. Akaamua kwamba mtu yule ameshikwa kinyume cha sheria, na kwamba wanajeshi hawakuwa na uwezo wa kumkamata. Akaamuru aachiwe. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwezi mmoja kabla, Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia, na hasira dhidi ya Waingereza ilikuwa ikichochewa kila siku. Hakuna hukumu ambayo ingemletea Kiwanuka shangwe ndogo zaidi kuliko kumtetea Mwingereza katika Septemba ile. Naye ndiye aliyepigania kumwondoa Mwingereza Uganda. Lakini sheria isiyomlinda mtu tusiyempenda haiwezi kumlinda hata tunayempenda.

Tarehe 17 Septemba wapinzani wa Amin waliokuwa wakiishi Tanzania walivuka mpaka na kushambulia Mbarara na Masaka. Walishindwa, na kushindwa kwao kukawa kisingizio cha msako mkubwa ndani ya Uganda. Siku nne baadaye Jaji Mkuu akachukuliwa. Masimulizi ya baadaye yanasema alipelekwa katika gereza la kijeshi la Makindye na kuuawa huko. Serikali ilitangaza kwamba amenyakuliwa na wafuasi wa Obote. Lakini hakuna lango lililofungwa, wala kizuizi cha barabarani kilichowekwa kumtafuta mkuu wa mahakama za nchi. Majuma machache baadaye Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, naye akachukuliwa na kupotea.

Sasa turudi kwa mtu wa tatu, mwenye kushika bunduki. Wengi walidhani kwamba mahakama ikinyamazishwa, raia ndio watakaokosa pa kukimbilia, na vyombo vya dola vitakuwa salama. Historia ya Uganda inaonyesha kinyume chake. Wa kwanza kuchinjwa kwa wingi walikuwa askari wenyewe, Waacholi na Walangi, ndani ya kambi zao, mwaka 1971. Hawakushtakiwa katika mahakama ya kijeshi wala ya kiraia. Erinayo Oryema, raia wa kwanza wa Uganda kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, alikuwa akiongoza polisi siku ya mapinduzi na baadaye akawa waziri wa Amin. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Siku hiyo Inspekta Jenerali wa zamani hakuwa na jaji wa kumwuliza mshikaji wake swali lile moja.

Mwaka 1974, kwa kushurutishwa na malalamiko ya nje, Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliotoweka. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mohamed Saied, na wajumbe walikuwa maafisa wawili wa polisi na mmoja wa jeshi. Heshima yao lazima itajwe. Walipokea habari za visa 308, wakasikiliza mashahidi, na katika taarifa yao ya mwaka 1975 wakavitaja vyombo vya usalama kuwa ndivyo vilivyohusika sana, na wakashauri virekebishwe. Taarifa haikutekelezwa. Mwenyekiti alipoteza kazi yake, mjumbe mmoja akasingiziwa mauaji na kuhukumiwa kifo, na mwingine akaikimbia nchi. Kwa hiyo wakati ule ule ambapo wenye sare walikuwa wakiua, walikuwamo wenye sare waliofanya kazi yao sawasawa na kiapo chao. Tusiwasahau hao kwa sababu ya kuwakumbuka wauaji.

Na wale waliotii kila amri? Oktoba 1978 jeshi la Amin liliivamia Kagera. Wengi mnajua yaliyofuata, na wengine mna baba na babu waliokuwako. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Jeshi lililozoea kukamata watu wasio na silaha lilikimbia mbele ya jeshi lenye silaha. Pale Nakasero askari wetu waliikuta maiti ya watu waliouawa katika saa za mwisho, na wachache waliokuwa wangali hai. Aliyekuwa kamanda wa kikosi cha Simba wakati wa mauaji ya Mbarara, Ali Fadhul, baadaye alishtakiwa kwa mauaji yaliyofanyika mwaka 1972, akahukumiwa kifo, akakaa gerezani miaka mingi hadi aliposamehewa mwaka 2009. Mbele ya jaji hakuweza kumwita Amin aje kumtetea. Amin alikuwa mgeni wa watu nchini Saudi Arabia, akafa huko mwaka 2003 bila kusimama kizimbani. Mtoa amri alikufa kitandani, na mtii amri akazeeka Luzira.

Tangu mwaka 2018 Idara ya Mahakama ya Uganda imekuwa ikimkumbuka Kiwanuka kwa mhadhara kila Septemba. Hata hivyo mvutano alioufia haukuzikwa pamoja naye. Tarehe 16 Novemba 2005 watu wenye silaha waliovaa nguo nyeusi waliizingira Mahakama Kuu ile ile ya Kampala, kuwazuia watuhumiwa waliokuwa wamepewa dhamana wasiondoke. Majaji na mawakili walipinga kwa sauti kubwa. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na katikati ya mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mpya inayoruhusu jambo hilo katika hali fulani. Hatuyataji haya kwa kumcheka jirani. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Hakuna nchi katika Afrika Mashariki ambayo haijapata kuona mtu akichukuliwa na watu wasiotaja majina yao wala sheria wanayoitumia.

Askari hapewi nafasi ya kuchagua serikali anayoitumikia, wala hatutaki awe hakimu wa kila amri anayopewa. Nidhamu ndiyo roho ya jeshi. Lakini kiapo cha askari kinaitaja sheria, na amri halali haiogopi kuandikwa. Kwa hiyo unapotumwa kumchukua mtu, yako mambo matatu ya kuuliza kabla ya kupanda gari: ni nani aliyetoa amri hii, ni kwa sheria ipi, na mtu huyu atafikishwa mbele ya nani. Kama majibu yapo, fanya kazi yako bila hofu, na uandike katika kitabu cha zamu. Kama hayapo, basi jua kwamba hata wewe, siku utakapochukuliwa, hayatakuwapo.